Mkaa Niliosema Umepoa

Shija mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo nje unanoa shoka na ninakusikia. Umelinoa tangu saa tisa. Ukiendelea hivyo utakwenda Ushirombo na mpini mtupu. Mimi niko jikoni, nimekaa juu ya kinu nilichokilaza, daftari langu la darasa la watu wazima liko magotini, na kila ukikohoa nadhani unaingia, nalificha chini ya ungo. Mama mzima najificha nyumbani kwangu.

Ya safari umeshayasikia. Blanketi, klorokwini, maji ya kuchemsha, nani umsalimie na nani umkwepe: nimeyasema mpaka umeanza kunimalizia sentensi. Hayo siyaandiki. Nina jambo moja tu, na lazima nilimalize kabla jua halijazama, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki ni ya kukumulikia chakula chako. Na nikisubiri kesho sitaandika. Najijua.

Wiki nzima nimejaribu kulisema kwa mdomo. Jumanne nilikufuata mpaka kisimani. Ukaniuliza, "Mayu, kuna nini?" nikakwambia ndoo inavuja. Ndoo haivuji. Jana ulipokuwa unafunga kamba sanduku nilisimama mlangoni nikiwa na neno mdomoni kabisa, halafu nikakugombeza kuhusu fundo. Lile fundo halikuwa na kosa lolote. Unisamehe kwa hilo kwanza, ni dogo.

Jambo lenyewe linamhusu Baba Minza, huyo unayekwenda kukaa kwake.

Unavyojua wewe, Baba Minza alikuwa dereva wa lori, akatupa sigara ovyo, mzigo wangu wa mkaa ukaungua pamoja na gari, mkono wake ukaharibika, na mimi kwa moyo wangu mzuri nikamsamehe. Hivyo ndivyo kijiji kizima kinavyojua. Hivyo ndivyo hata yeye mwenyewe anavyojua. Siyo kweli, Shija. Acha nianze mbali kidogo, kwa sababu nikienda moja kwa moja mkono utagoma.

Baba yako alipofariki, wewe ulikuwa bado unanyonya, na dada zako Kulwa na Doto walikuwa wanaweza kuchota maji lakini si kulima. Pamba ilikataa misimu miwili mfululizo. Nikajifunza kuchoma mkaa kwa kuangalia watu, bila kuuliza, maana nilikuwa na kiburi. Tanuri langu la kwanza nililipanga vizuri sana. Magogo chini, fito juu, majani, udongo, matundu ya kupumulia. Nikawasha. Siku ya tatu kulikuwa na ngoma ya mavuno ng'ambo ya mto, nikasema naenda kuchungulia tu. Nikachungulia mpaka jua likaelemea. Niliporudi, tanuri lilikuwa limepasuka ubavuni, hewa imeingia, na kazi ya wiki mbili imekuwa majivu meupe ya kusugulia sufuria. Nilicheka, halafu nikakaa chini nikalia.

Tangu hapo niliujua moshi. Mweupe mzito, maji bado yanatoka kwenye mti. Mwembamba wa rangi ya samawati, ziba matundu yote sasa hivi. Hayo yote nimekufundisha, na unayaweza, nasema kweli, ingawa sipendi kukusifia usije ukavimba kichwa. Nimekufundisha na kupoza. Ukivunja tanuri, tandaza mkaa chini, ufunike kwa udongo mkavu, uache siku mbili, na usijaze gunia mpaka mkono wako uzame katikati ya fungu na ukae humo ukihesabu hadi hamsini. Uliwahi kuniuliza kwa nini hamsini wakati jirani yetu Mama Holo anahesabu ishirini. Nikakujibu Mama Holo ana haraka zake. Aliyekuwa na haraka ni mimi.

Umeacha kunoa. Nasubiri. Haya, umeanza tena.

Wewe umekulia hapa barabarani. Ile ngitili ya ukoo unaijua kama mahali pa kupeleka ng'ombe wa baba yako mkubwa. Sisi ilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Mvua zikianza tuliifunga, hakuna mnyama wala mtu wa kukata ukuni, majani yanapanda mpaka kiunoni, na kiangazi kikishakaza, wengine wakihangaika na ng'ombe zao, ndipo inafunguliwa. Migunga yake iliachwa makusudi, ndama wapate kivuli. Mwenye ngitili alikuwa halali na njaa, na hakuna mtu aliyethubutu kuigusa. Halafu tukahamishiwa vijijini. Nyumba zikabaki mahame, na ngitili ikabaki huko nyuma peke yake, mwendo wa saa nzima, hakuna anayeiangalia. Baba yako mkubwa yeye alipelekwa upande wa Kishapu na mifugo yake. Aliniambia, "Shemeji, wewe uko karibu. Niwekee jicho." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilianza na mti mmoja uliokuwa umekauka. Kisha mmoja uliokuwa unaelekea kukauka. Kisha nikaacha kutafuta sababu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera, wakati hata kipande cha sabuni kilikuwa cha kusimulia. Huku karibu miti ilikuwa imekwisha, kila mtu anakwangua visiki, na mimi nilikuwa na pori langu la siri ambalo si langu. Baba Minza alikuwa anaendesha lori la tajiri mmoja wa mjini. Alikuwa akipita anachukua magunia yangu kwenda Shinyanga, na hakunipunja hata siku moja. Mtu mcheshi, sigara haitoki mdomoni, ana wimbo wa kila kona. Ndiye aliyekuwa akituletea sabuni. Nadhani unaikumbuka ile ya buluu, ulikuwa unaificha usioge nayo ikaisha.

Sasa. Alhamisi moja, asubuhi, nimevunja tanuri kubwa, la mwisho kutoka ngitili, limetoa mkaa mzuri unaolia kama vigae ukigongana. Sijamaliza hata kutandaza, anakuja mtu wa Kishapu na salamu: baba yako mkubwa anakuja Jumamosi na ng'ombe wote. Majani kwao yamekwisha mapema, anafungua ngitili.

Miti ningemweleza nini? Nikajiambia, mkaa ukiwa umeondoka, naweza kusema ni wezi. Watu wa mbali walikuja na mashoka usiku, mimi mwanamke peke yangu ningefanya nini. Nilikuwa nimeshaupanga huo uongo vizuri, hata na idadi ya wezi. Mchana Baba Minza akasimamisha gari pale kwa Mama Holo, akanipigia kelele:

"Mama Kulwa! Kesho napita gari tupu. Jumatatu nimejaa mzigo wa watu. Una kitu?"

"Ninacho, baba. Pita tu."

Siku mbili za kupoza sikuwa nazo. Nilikuwa na siku moja isiyotimia. Nilijaza magunia jioni ile na alfajiri yake. Mkono niliingiza, ndiyo, lakini juu juu, mahali nilipojua pamepoa. Katikati sikuingiza. Sikusahau, Shija. Ningesahau ningekuwa nimelala vizuri miaka hii yote. Sikuingiza kwa sababu sikutaka kujua.

Asubuhi alikuja, akapandisha mikono ya shati, akapakia na mimi. Kabla ya kufunga turubai aliniuliza, kama alivyouliza kila mara:

"Umepoa huu?"

"Umepoa tangu juzi. Ungekuwa na moto ningekupa wewe?"

Akacheka. Akaniachia kipande cha sabuni, akawasha sigara, akaondoka. Nilisimama nikaliangalia lile gari mpaka vumbi likatulia, na nilifurahi. Hiyo nataka uijue pia. Nilifurahi, nikaenda zangu nyumbani nikafua.

Gunia moja lilikuwa limebaki pale tanurini, la chenga na vipande, la kupikia mwenyewe. Alasiri nilikwenda kulichukua. Nilipolinyanyua, lilikuja mdomo na kamba tu. Kitako chake kilikuwa kimeungua chote, na pale chini makaa yalikuwa mekundu, upepo ukipita yanang'aa. Nilijua hapo hapo. Lori lilikuwa limeondoka tangu asubuhi, na njia yote ile ni upepo.

Ungefikiri nilikimbia. Nilichimba shimo, nikalifukia lile gunia, nikasawazisha kwa mguu. Habari zilinikuta nikiwa bado na udongo kwenye vidole: gari la Baba Minza limeteketea karibu na Kolandoto, yuko hospitali hapo, mkono umeungua. Alikuwa amepanda juu kuvuta magunia yangu ayatupe chini. Watu walimpigia kelele ashuke akakataa. Alikuwa anasema, wamenihadithia, "Hii ni kazi ya mjane." Turubai likayeyuka likamshika mkono.

Nimesimama kidogo nikazunguka jikoni. Sufuria nimeikoroga, haikuhitaji. Narudi.

Jumamosi baba yako mkubwa alifika. Uongo wangu wa wezi niliutafuta sikuuona. Alizunguka visiki kimoja kimoja, na ng'ombe wamesimama kwenye jua wanamwangalia. Kisha akaniambia, "Shemeji, ungeniambia una shida." Aligeuza ng'ombe akarudi nao Kishapu, na wengine walifia njiani. Ningependa angenichapa.

Jumatatu ya pili baada ya hapo, Baba Minza alipotoka hospitali, tuliitwa ofisi ya kijiji. Mwenye gari alikuwepo, katibu, mgambo wawili, na watu wa kuchungulia madirishani. Baba Minza alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Katibu akaniuliza:

"Mama Kulwa, ule mkaa ulikuwa umepoa?"

"Ulikuwa umepoa."

"Ulikaa siku ngapi?"

"Mbili. Na zaidi."

Ilikuwa rahisi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo. Nilikuwa nimeumbuka mara moja mbele ya shemeji, na sikuwa na nguvu ya kuumbuka tena. Nikasubiri Baba Minza abishe, na nilikuwa tayari kubishana naye. Alisimama. Akasema, "Msimsumbue Mama Kulwa. Nilikuwa navuta. Sikumbuki ile sigara niliitupa wapi." Halafu akanigeukia mbele ya wote, na machozi yanamtoka, mwanaume yule mcheshi, akaniambia:

"Nisamehe, dada yangu. Nimekuunguzia jasho lako."

Na mimi nikamjibu, "Nimekusamehe."

Nimeiandika mara mbili nikaifuta, ndiyo maana karatasi imechanika hapo. Uongo kuhusu siku mbili naweza kuueleza. Woga, aibu, watoto watatu. Lakini hili la kukaa pale na shuka langu safi, lililofuliwa kwa sabuni yake, na kumsamehe mtu kwa kosa langu, sina pa kuliweka. Watu walinisifu. Wanawake walinishika mkono wakisema nina moyo. Mwenye gari alimfukuza kazi siku ile ile, akarudi kwao Ushirombo na vidole vitatu visivyokunjuka.

Usifikiri nilikuwa nakaa nikilia kila siku. Hapana. Nililima, niliwaoza dada zako, nilicheka kwenye harusi zao. Linakuja na kuondoka. Linakuja hasa upepo ukivuma mchana. Umewahi kunicheka kwamba mimi ni mtu wa kusimama ghafla katikati ya chakula na kutoka nje. Ninatoka kuangalia kama kuna kitu kinaungua.

Mwezi uliopita alipokuja Shinyanga kumwona mjukuu, mtoto wa Minza, alipita hapa. Wewe ulikula naye ugali, ukaenda kwenye mpira. Ulipoondoka tulibaki wawili. Nilimuuliza kama bado anaendesha. Akasema wamemwomba mara nyingi huko kwao, magari ya kupeleka nguzo na mkaa machimboni upande wa Geita yanatafuta madereva kila siku, naye anakataa. "Mtu asiyejua kuzima sigara yake asipewe gari la mwenzake." Alisema hivyo akitabasamu. Miaka yote hii, Shija, anakata nguzo kwa mkono mmoja na nusu, na udereva aliokuwa akiupenda kuliko chakula ameuacha kwa sababu anajiogopa. Halafu akasema, "Nipe huyu kijana. Huko kwetu pori bado lipo, wahunzi wa machimboni wanataka mkaa kila wiki. Nimfundishe, nimkabidhi matanuri. Niliunguza kazi ya mama yake, labda moyo wangu utatulia."

Na mimi nilifanyaje? Nilisema asante. Kwa sababu hapa huna kazi, kwa sababu huku miti imekwisha na mmoja wa walioimaliza ni mimi, kwa sababu nilikuona ulivyofurahi. Nilipokea tena.

Hiyo nafasi yako, basi, imejengwa juu ya hilo. Anakupokea akidhani analipa. Unaweza kukaa kwake miaka kumi, ukala, ukaoa, ukawa na matanuri yako, na kila siku yule mtu atakuwa anakuangalia na kujilaumu. Na akijua ukweli, anaweza kukufukuza siku hiyo hiyo, na haki anayo. Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Nikisema, nakunyang'anya kazi. Nikinyamaza, namwacha yeye na mzigo wangu mpaka afe.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango mwingine, nakuambia usije ukadhani mama yako ni jasiri. Nilitaka nikuandikie haya, na wewe umweleze taratibu, ukishazoeleka, siku utakayoona inafaa. Nilifika hapo kwenye benchi la ofisi ya kijiji nikaona ninachotaka kufanya. Nataka tena mtu mwingine apande juu ya moto wangu.

Kuhusu pori la Ushirombo neno moja tu, kwa sababu hili nimelilipia. Visiki vya ngitili yetu baba yako mkubwa alivifungia, hakuruhusu mbuzi wala shoka, na sasa vimechipua, umeviona, vingine vinafika paa la nyumba. Mti unarudi ukiuachia kisiki kizuri na ukaachwa upumzike. Kwa hiyo usichimbe mizizi, hata watu wakikucheka kwamba unaacha mkaa ardhini. Na kama siku moja utakata usipotakiwa kukata, na utakata, maana njaa haina adabu, mwambie mwenye pori kabla hajafika na ng'ombe wake.

Giza linakaribia na umenyamaza hapo nje, bila shaka una njaa. Namalizia.

Jumatano nilipokwenda mjini kukukatia tiketi, nilikata mbili. Ya pili nimekuwa nikitembea nayo kwenye pindo la khanga, sikujua kama nitaitumia au nitairudisha. Mbuzi nimemwachia Mama Holo, nimemdanganya naenda kumwona Doto, na huo uwe uongo wa mwisho mwezi huu. Kesho utafikiri nakusindikiza stendi. Utaniona napanda, utaanza kuuliza mbele za watu, nami nitakupa bahasha hii nikuambie soma kwanza.

Nitamwambia Baba Minza mwenyewe, mbele yako na mbele ya mkewe, hata kabla hatujapewa maji ya kunawa. Akikufukuza, tutarudi wote na sanduku lako, na lawama zako nitazipokea, hata zikichukua miaka. Akikwambia ukae, kaa kwa sababu unajua kazi, siyo kwa sababu ya magunia yangu. Na akitaka kunitukana, usinitetee. Nakuomba sana hilo. Kaa kimya amalize.

Kiti changu ni cha nyuma ya chako, nilimwomba karani iwe hivyo. Ukimaliza kusoma usigeuke kunitazama. Nipe mpaka Kahama.

Mimi mama yako